Kila Mwajiri na Hofu Yake: Mwongozo wa Kuzungumza Kwenye Usaili

Ndani ya mwezi mmoja kijana anaweza kuitwa kwenye usaili mara tatu. Taasisi ya serikali inatafuta ofisa ununuzi, shirika lisilo la kiserikali linatafuta msimamizi wa vifaa, na mfanyabiashara wa Kariakoo anatafuta mtu wa kushika stoo. Elimu yake ni ile ile, vyeti ni vile vile, na kazi zenyewe hazipishani sana: kununua, kupokea, kuhesabu, kutunza kumbukumbu. Lakini akijiandaa mara moja tu na kubeba majibu yale yale kwenye vyumba vyote vitatu, anaweza kukosa kote, ilhali kazi anaiweza.

Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka kadhaa, na nimeona watu wenye uwezo wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hiyo. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Msingi wake ni mmoja: kila mwajiri huingia kwenye usaili na hofu yake. Jopo la serikali linaogopa kuambiwa limependelea. Shirika linaogopa siku ya ukaguzi na ripoti ya mfadhili. Mwenye mali anaogopa kuibiwa. Meneja wa hoteli anaogopa malalamiko ya mgeni. Ukiijua hofu iliyopo mezani, utajua ni lipi kati ya mambo ya kweli uliyonayo linapaswa kutangulia, na lisemwe kwa lugha gani. Ukweli wenyewe haubadilishwi. Kinachobadilika ni mpangilio wake.

Mbele ya jopo la serikali

Kwa Tanzania Bara, nafasi nyingi za utumishi wa umma hujazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hutumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal, kisha unafuata usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika, kwa baadhi ya kada unafuata usaili wa vitendo, na mwisho ni usaili wa mahojiano. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lisome neno kwa neno, kwa sababu mazungumzo yako na mwajiri huyu huanzia kwenye karatasi. Linadai vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa awe amepata uthibitisho wa vyeti vyake kutoka TCU, NACTVET au NECTA, kulingana na ngazi ya masomo. Ambaye majina yake yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine aje na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Mtu anayerudishwa mlangoni hapati hata nafasi ya kusema jina lake.

Ukishaingia, fahamu jinsi chumba kile kinavyofanya kazi. Wasailiwa wote wa nafasi moja huulizwa maswali yale yale, na kila msaili hujaza alama zake kwenye karatasi huku akilinganisha unayosema na mwongozo wa majibu alionao. Kwa hiyo wasaili hawatatikisa kichwa kukubali, hawatatabasamu, hawatasema "vizuri". Wasailiwa wengi huvunjwa moyo na ukimya huo. Wanadhani wameharibu, wanaanza kurekebisha jibu ambalo lilikuwa sahihi. Ukimya ule ni sehemu ya haki yako. Msaili akikuchekea wewe na kumnunia mwenzako, mwenzako ana haki ya kulalamika.

Namkumbuka dada mmoja aliyekuwa amefanya kazi shirika moja kwa miaka mitano. Aliulizwa ataje mambo manne atakayozingatia anapopokea vifaa kutoka kwa mzabuni. Alianza na mkasa: lori lilifika saa mbili usiku, mvua inanyesha, dereva anataka kuondoka, mlinzi hana ufunguo. Mkasa ulikuwa wa kweli na ulionyesha mtu anayejua kazi. Muda uliisha akiwa bado pale getini. Kwenye karatasi zetu kulikuwa na nafasi ya hoja nne, naye alikuwa ametaja moja, tena kwa kuzunguka. Hatukuwa na ruhusa ya kumpa alama kwa hoja ambazo tulijua anazijua.

Jibu ambalo lingemfaa ni fupi kuliko simulizi lake:

"Nitazingatia mambo manne. La kwanza, kulinganisha vifaa na hati ya agizo: aina, idadi na bei. La pili, kuhakikisha kamati ya ukaguzi na mapokezi imekagua ubora kabla vifaa havijakubaliwa. La tatu, kujaza hati ya kupokelea vifaa na kuviingiza kwenye leja siku hiyo hiyo. La nne, kumwandikia mkuu wa kitengo kuhusu chochote kilichopungua au kuharibika."

Hapo ndipo angeweza kuongeza, kama muda ulibaki, kisa cha lori na mvua kwa sentensi mbili. Kwa jopo la serikali, hesabu hoja zako kwa sauti. Ukiombwa nne, toa nne. Ukiulizwa maana ya jambo, anza na maana kabla ya mfano.

Jambo la pili ni kwenda na wakati. Tathmini ya utendaji serikalini iliyojulikana kwa miaka mingi kama OPRAS imepisha mfumo wa PEPMIS. Kwenye manunuzi, mfumo wa TANePS uliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na NeST mwaka 2023, mwaka ule ule ilipotungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Anayekuja leo na majibu yenye OPRAS na TANePS anawaambia wasaili kwamba alifunga daftari siku alipohitimu. Kila kada ina mabadiliko yake ya namna hii. Tembelea tovuti ya taasisi uliyoomba, soma majukumu yake, jua sheria iliyoianzisha na wizara inayoisimamia.

Kuhusu lugha, kama tangazo halikusema, sikiliza swali la kwanza limeulizwa kwa lugha gani. Ukiwa na shaka, uliza kwa adabu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kufahamu kama ninaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili." Hakuna anayekatwa alama kwa kuuliza hivyo. Wanaopoteza ni wale wanaoanza kwa Kiingereza, wanakwama katikati, wanarudi kwenye Kiswahili, kisha wanaona haya na kurudi tena kwenye Kiingereza. Shika moja, ukae nayo. Na mshahara usiujadili: uko kwenye ngazi iliyotajwa katika tangazo, iwe TGS D au nyingine, na jopo halina mamlaka ya kuongeza hata senti.

Shirika lisilo la kiserikali: tofauti ya "tu" na "ni"

Hapa mambo yanageuka. Lile simulizi la lori na mvua, ambalo serikalini lilimpotezea dada yule muda, ndilo shirika linalolitafuta. Maswali ya mashirika mengi, hasa ya kimataifa, huanza hivi: "Tueleze wakati ambapo ulikabiliwa na..." Hawataki ufafanuzi wa kitabuni wala hoja nne. Wanataka kisa kimoja kilichotokea: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, kikatokea nini. Mfadhili huwauliza wao hivyo hivyo kila robo mwaka, kwa hiyo wanamtafuta mtu anayeweza kueleza kazi yake kwa mpangilio huo bila kusukumwa.

Kikwazo kikubwa cha Waswahili kwenye chumba hiki kimo ndani ya lugha yetu yenyewe. Tumelelewa kusema "tulifanya". Mtu aliyekesha peke yake akiandika ripoti atasema "tuliandaa ripoti", kwa sababu kusema "niliandaa" kunasikika kama majivuno, na wenzake wakimsikia watamwona anajikweza. Ni adabu nzuri na sitaki mtu aiache mtaani. Lakini mbele ya jopo la shirika, "tulihamasisha jamii, tukachimba visima, tukafanikiwa" humwacha msaili hajui ni nani wa kumwajiri. Atakuuliza, "Wewe ulifanya nini hasa?" Wengi hushtuka na kurudia yale yale kwa "tu" nyingine.

Fanya zoezi hili nyumbani. Andika visa vitano vya kazi yako, hata kama ni vya kujitolea au vya mafunzo kwa vitendo, kisha pitia kila kitenzi. Panapostahili "tu", ibakize na useme mlikuwa wangapi. Panapostahili "ni", iweke bila woga. Kwa mfano: "Tulikuwa watu sita. Mimi nilishika orodha ya kaya. Siku ya pili niligundua majina yamejirudia katika vitongoji viwili, nikasimamisha ugawaji kwa saa moja, nikakaa na wenyeviti wa vitongoji tukahakiki jina kwa jina. Tuligawa kwa waliostahili, na karatasi zenye saini zao niliziwasilisha ofisini jioni ile." Katika jibu hilo heshima ya wenzako ipo, na mchango wako unaonekana.

Jitayarishe pia kwa swali la ulinzi wa watoto na watu wanaohudumiwa. Ukiulizwa utafanya nini ukimwona mfanyakazi mwenzako akimnyanyasa mhudumiwa au kuomba rushwa ya ngono, usijibu kwamba utamwita pembeni mkayamaliza kirafiki. Kwa desturi zetu hilo linaonekana busara. Kwa mwajiri huyu ni kosa, kwa sababu jambo limefichwa. Jibu wanalotaka ni kwamba utamlinda aliyeathirika na kutoa taarifa mara moja kwa njia iliyowekwa na shirika, hata kama mtuhumiwa ni bosi wako. Na ulimaanishe.

Dukani kwa mwenye mali

Usaili wa Kariakoo hauna barua ya mwaliko. Umepelekwa na mtu, umeambiwa "njoo saa nne", na utasubiri kwenye kiti cha plastiki mpaka saa sita huku wateja wakipita. Usidhani usaili haujaanza. Mwenye duka anakuona tangu ulipofika: kama umewasalimu vijana wake, kama umechezea simu muda wote, kama umempisha mbebaji mizigo aliyekuja na maboksi.

Salamu hapa ina uzito kuliko wasifu wako. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, mwite mzee, mama au hajji kama wanavyomwita wafanyakazi wake, na subiri uambiwe kukaa. Kisha ataongea mambo ambayo yanaonekana si ya kazi: unatokea wapi, unaishi na nani, umekuja na basi gani. Anataka kujua kama utafika saa moja asubuhi, na kama siku stoo ikipungua kuna mlango wa kugonga. Jibu kwa utulivu. Toa jina la mtu anayekufahamu na ambaye umeshamwomba ruhusa, na ikiwezekana uwe na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hofu yake ni kubwa, na sababu ni rahisi: fedha iliyomo humo ni yake, hakuna mfadhili wala bajeti ya nyongeza.

Halafu, bila kukuandaa, anasema: "Katoni kumi na mbili za sabuni, moja elfu thelathini na moja na mia tano. Mteja katoa laki nne. Mrudishie chenji." Kuna kijana nilimwona akikabiliwa na swali la aina hiyo. Hakujitutumua kujibu haraka. Aliomba kalamu, akaandika 378,000, akaondoa kwenye 400,000, akasema, "Elfu ishirini na mbili, lakini laki nne nazihesabu kwanza mbele ya mteja kabla sijamrudishia." Mwenye duka hakumuuliza kitu kingine zaidi ya lini ataanza.

Kwa mwajiri wa aina hii, majibu marefu yanatia shaka. Usimweleze malengo yako ya miaka mitano. Atasikia kwamba unapita njia. Usilipake matope duka ulilotoka, kwa maana anajua kesho zamu itakuwa yake. Akikuuliza "utaanza lini", usiishie kwenye "Mungu akipenda" au "inshallah". Sema, "Jumatatu inshallah, saa moja nitakuwa hapa." Na kabla hujaondoka, uliza kwa heshima kuhusu maandishi ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na duka nalo ni mwajiri. Namna nzuri ya kulisema ni hii: "Mzee, nashukuru. Naomba tukiandikiana iwe faida kwangu na kwako."

Hoteli, kambi za watalii na meneja mgeni

Arusha, Karatu na Zanzibar usaili wa hoteli mara nyingi huwa wa vitendo: tandika kitanda hiki, beba trei hii, mpokee mgeni huyu aliyechoka na safari. Wanatazama mikono na uso wako kwa pamoja. Tabasamu linalokuja baada ya trei kuyumba lina thamani kuliko hotuba kuhusu ukarimu.

Neno moja kuhusu macho. Kwetu, kijana anapoongea na mkubwa huinamisha macho kidogo, na mkubwa huona heshima. Meneja aliyetoka Ulaya au Afrika Kusini anaweza kuona mtu anayeficha jambo. Hujakosea wewe wala yeye, lakini anayeomba kazi ndiye anayepaswa kusogea. Mtazame usoni anapouliza, na unapojibu maliza sentensi ukiwa bado unamtazama. Ukihojiwa na jopo lenye mzee wa Kitanzania na meneja mgeni, kama inavyotokea sana, msalimie mzee kwa shikamoo na meneja kwa salamu yake, kila mmoja kwa desturi yake. Hiyo peke yake imewaonyesha kwamba utawaweza wageni.

Maswali yasiyotakiwa, na hesabu ya mshahara

Katika chumba chochote kati ya hivi unaweza kuulizwa kama una mimba, utaolewa lini, kabila lako ni lipi, au dini yako. Kifungu cha 7 cha Sheria ile ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa analindwa sawa na mfanyakazi. Si lazima ugombane pale mezani. Rudisha mazungumzo kwenye kazi: "Kama swali ni upatikanaji wangu, nipo tayari kwa zamu zote zilizotajwa kwenye tangazo." Akishikilia, una haki ya kunyamaza, na umeshajua ungekuwa unakwenda kufanya kazi kwa nani. Mwenye ulemavu aseme mapema anahitaji nini ili usaili wake uwe wa haki, iwe ni mkalimani wa lugha ya alama au chumba cha chini. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, kwa hiyo ombi hilo si fadhila.

Ukiulizwa unataka mshahara kiasi gani, na swali hili utalikuta kwenye shirika au kampuni, taja kiasi na useme kama ni kabla au baada ya makato. Watu wengi wamelia mwisho wa mwezi kwa kutotenganisha hayo mawili. Chukua 1,000,000 kabla ya makato. Mchango wako wa NSSF kwa kawaida ni asilimia 10, yaani 100,000. Kama unadaiwa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 150,000. Zimebaki 750,000, na kodi ya mapato bado haijakatwa. Piga hesabu hiyo nyumbani, si mbele ya jopo.

Na mtu yeyote akikudai fedha ili uitwe kwenye usaili au upewe nafasi, iwe ni kwa jina la serikali, la shirika au la wakala wa kazi za Oman na nchi nyingine za Ghuba, usitoe. Kata simu, kisha ulizia kwenye ofisi ya kazi iliyo karibu nawe kama wakala huyo ana leseni.

Baada ya kutoka chumbani

Matokeo nayo huja kwa njia tofauti. Serikalini, fuatilia akaunti yako ya Ajira Portal na matangazo ya Sekretarieti. Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kazi nafasi ikipatikana, wakati mwingine akiwa ameshasahau. Shirika huandika barua pepe, na litawapigia wadhamini wako kabla ya kukuandikia wewe, kwa hiyo wajulishe jioni ile ile kwamba umesailiwa na kwa kazi gani. Mwenye duka hupiga simu mara moja, pengine usiku baada ya kufunga hesabu. Asipokupata, anampigia anayefuata. Usibadilishe namba, na simu yako iwe na chaji.